Mtoto Tuliyemwona Dirishani

Mtu aliyekulia Tunduma huijua Kolwezi kabla hajaiona. Jina hilo tulilisikia midomoni mwa madereva: fulani kapakia Kolwezi, fulani amelala Kasumbalesa siku ya sita na mzigo wa kopa, fulani ameibiwa njiani. Kopa ndiyo shaba. Mabamba yake hufungwa kwa mikanda ya chuma, hufunikwa turubai, na yalipita mbele ya genge la mama yangu yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Turubai likifunuliwa na upepo, uliona rangi ya chungu kipya, basi. Lori likapita, vumbi likatua kwenye nyanya, mama akazifuta.

Julai 2025 nilisafiri kinyume na malori hayo. Nilikuwa na wanafunzi watano wa uandishi wa habari, Watanzania watatu na Wazambia wawili, na wengine watatu Wakongo walitusubiri Lubumbashi. Tulikuwa tunamalizia warsha iliyoanza mtandaoni mwezi Machi, pamoja na wanafunzi wa kaskazini mwa Norway. Mada yake iliwashangaza wazazi wa vijana wangu, na mmoja alinipigia simu kuuliza kama kweli nawafundisha watoto wa Mbeya habari za barafu. Ndiyo, nilimjibu. Tulikuwa tunajifunza jinsi vyombo vya habari vinavyozisimulia ncha za dunia.

Somo lililowashika zaidi ni la dubu. Desemba 2017 mtandao wa dunia nzima ulijaa video ya dubu mweupe aliyekonda hadi mifupa ya nyonga ikamtoka, akijikokota kwenye ardhi isiyo na barafu na kuchakura pipa la takataka. Ilipigwa katika Kisiwa cha Somerset, kaskazini mwa Kanada, na wapigapicha Paul Nicklen na Cristina Mittermeier. Jarida la National Geographic liliitoa na maneno yaliyomwambia mtazamaji kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Mwaka uliofuata jarida hilohilo lilikiri kwamba lilivuka mpaka, kwa kuwa hakuna aliyejua dubu yule alikuwa anaumwa nini. Huenda ni njaa iliyotokana na barafu kuyeyuka. Huenda ni uzee, au ugonjwa, au jeraha. Barafu inayeyuka kweli, hilo wanasayansi wamelipima kwa miongo mingi. Lakini dubu yule hakupimwa na mtu. Alitazamwa tu.

Katika mazungumzo ya somo hilo, mmoja wa wanafunzi wa Kikongo, kijana wa Likasi, aliandika sentensi moja: "Mwalimu, ncha yetu sisi ni Kolwezi." Nikamwomba afafanue. Akasema ni mahali ambapo dunia nzima inapatazama, wanaofika ni wachache, na mwenyeji haulizwi. Ndipo tulipoamua warsha imalizikie huko. Na kuna uzi mwingine unaoziunganisha sehemu hizo mbili. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, sehemu kubwa yake ikitoka mkoa wa Lualaba, ilipo Kolwezi, na madini hayo huingia kwenye betri za magari yanayotarajiwa kupunguza moshi unaoyeyusha barafu ile.

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilometa 300. Asubuhi ya Julai Katanga ina baridi ya kuumiza masikio, na wanafunzi wangu walipanda basi dogo wamejifunika vitenge. Likasi tulinunua mikate na kuendelea. Kijana wetu alituonyesha upande ilipo Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, na basi zima likanyamaza kwa muda.

Baada ya Fungurume barabara ni ya malori. Unakaa nyuma ya lori moja, ukilipita unamkuta kaka yake. Mengi yalikuwa na namba za Tanzania, na kila mara wanafunzi wangu walipiga kelele kama wanaoona jirani ugenini. Yalibeba kopa tu. Februari mwaka huo serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa miezi minne, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, na mwezi Juni ikaongeza miezi mitatu mingine. Tulivuka daraja la mto Lualaba, mto uleule unaopita Kisangani ukabadilishwa jina kuwa Kongo. Nguzo kubwa za umeme zilitembea sambamba nasi kuvuka vilima.

Hapo, si mbali na mji, foleni ikasimama, na mwanafunzi wangu mmoja akamwona mtoto. Alikuwa wa miaka tisa hivi. Vumbi jekundu lilikuwa limemshika mpaka kwenye kope. Mkono mmoja ulishika dumu la njano, mwingine ulikuwa umeshikilia kiroba begani, na nyuma yake kulikuwa na kilima cha kijivu cha mabaki ya mgodi. Kijana akainua simu, akapiga picha kupitia dirishani. Foleni ikasogea. Picha ilikuwa nzuri kwa maana ile wahariri wanayolipa neno hilo: mwanga wa jioni, macho makubwa, mzigo.

Kolwezi haifanani na picha zake. Nilitarajia shimo, nikakuta mji wenye miembe, shule za masista, wanawake wauza mikate kwenye beseni, pikipiki za abiria, na mabango ya Kichina juu ya maduka ya vipuri. Shimo lipo, na ni kubwa kuliko nilivyoweza kulifikiria, lakini liko kando ya maisha ya watu kama bahari ilivyo kando ya maisha ya Tanga. Mji ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Tangu 2015, Katanga ilipogawanywa mikoa minne, Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba.

Tulipanga katika nyumba ya wageni ya parokia moja. Mama aliyetupikia alikuwa mtu mzima sana, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Wabelgiji. Alituwekea bukari, ndio ugali wao, sombe ya kisamvu na samaki wa Thomson, akasubiri mpaka tumekula ndipo akaketi. "Karibu, batoto bangu," alisema, na Kiswahili chake kikawapendeza wote, kwa maana tulikielewa bila jasho huku kikitukumbusha tuko mbali na nyumbani. Kiswahili kina historia ndefu kusini mwa Kongo. Bunkeya, makao ya Msiri, iko ndani ya Lualaba ya leo. Msiri alitoka magharibi ya nchi ambayo sasa ni Tanzania, akajenga ufalme, akauza shaba na pembe kwa misafara ya pwani, mpaka alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa kikoloni wa Stairs. Shaba ilikwenda Bahari ya Hindi kabla ya malori ya mama yangu.

Nilimwuliza mama yule kuhusu mwaka 1978. Mei ya mwaka huo wapiganaji wa FLNC walioingia kutoka Angola waliuteka mji, na tarehe 19 wanajeshi wa Kifaransa wa Legion wakashuka kwa miavuli. Magazeti ya Ulaya yalijaa Kolwezi kwa wiki kadhaa, na mwaka 1980 Wafaransa wakatoa filamu, La légion saute sur Kolwezi. Wazungu waliouawa walizidi mia, na habari zao zilifika hadi vijiji walikozaliwa. Waafrika waliouawa walikuwa mamia, nao wamebaki kuwa "mamia". Mama hakusema mengi. Alihesabu kwa vidole nyumba za mtaa wao walikotoka watu wasiorudi, akafika kidole cha saba, akainuka kuchukua maji. Baadaye aliongeza: "Banakuya, banapiga foto, banarudia kwabo." Wanakuja, wanapiga picha, wanarudi kwao. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja msimu wa mvua.

Usiku huo niliwaeleza wanafunzi kwamba watu wasio na hasira ndio wanaonipa shida zaidi katika kazi yetu, kwa maana wamekwisha kukata tamaa na sisi.

Habari za uchimbaji wa mkono zinapotolewa nje, huanza na mtoto na kuishia kwenye simu iliyo mfukoni mwa msomaji. Katikati hakuna kitu. Hakuna anayesimulia kwamba wachimbaji hawa, ambao Kolwezi nzima huwaita kwa Kifaransa creuseurs, wengi ni watoto wa wafanyakazi wa kampuni. Gécamines iliporomoka miaka ya 1990. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa waondoke. Posho ya unga ikakoma, hospitali ya kampuni ikafunga mlango kwao, shule ikadai ada. Baba akiwa na koleo na ujuzi wa kusoma mwamba, na sheria ya madini ya 2002 ikiwa imeruhusu uchimbaji mdogo katika maeneo maalumu, unafikiri angefanya nini? Mwaka 2014, mtaa wa Kasulo, mtu alichimba kwenye kiwanja chake akakuta kobalti. Muda haukupita, watu wakawa wanachimba vyumbani, chini ya vitanda. Tulipita nje ya ukuta uliozungushiwa eneo hilo baadaye. Nyumba zilizobaki upande wa pili zina nyufa unazoweza kuingiza kiganja.

Sisemi kwamba picha za watoto ni uongo. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch, Januari 2016, iliandika mambo yaliyokuwapo, na kampuni kubwa zikalazimika kujibu. Juni 2019 wachimbaji zaidi ya 40 walifukiwa katika shimo la KOV, na jeshi likatumwa kuwatoa wenzao mgodini. Mambo haya lazima yaandikwe. Ninalolalamikia ni kwamba mwandishi akishapata mtoto wake, hutulia. Haulizi tena.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye depo moja ya kununua mawe. Ilikuwa kibanda cha mabati, mizani, meza, na jiwe la malakiti la kijani juu ya karatasi ili zisipeperuke. Biashara ilikuwa imedorora. Kobalti haikuwa na mnunuzi wa kueleweka, kwa hiyo wengi walileta mawe ya shaba. Kijana wa miaka ishirini na kitu alishusha kiroba kutoka kwenye baiskeli, akakifungua. Mnunuzi alichukua kiganja cha vumbi la mawe, akalielekezea kifaa kinachofanana na bastola. Kifaa hicho watu wote hukiita Metorex. Kinasoma asilimia ya madini, na asilimia ndiyo bei. Kikasoma 2.1.

Mchimbaji akatikisa kichwa. Akasema mawe ya shimo lilelile, juzi, kwenye depo ya jirani, yalisoma zaidi ya 3. Mnunuzi akamwambia ayapeleke basi kwa jirani. Jirani alikuwa amefunga. Kiroba kikapanda mizani, na mizani ilikuwa imegeuzwa, uso wake ukimtazama mnunuzi. Mchimbaji alinyoosha shingo kutafuta namba, akaambiwa namba. Akapokea faranga zake, akazihesabu mara mbili, akaegemea baiskeli bila kuondoka.

Nilikuwa namtazama yeye, lakini mwanafunzi wangu mmoja, binti wa mkulima wa viazi wa Uporoto, alikuwa anaitazama mizani. Akaninong'oneza: "Mwalimu, hii ni lumbesa." Moyo wangu uliruka. Kila mkulima wa nyanda zetu anajua lumbesa, gunia lililovimbishwa juu mpaka likawa gunia na nusu, mkulima akalipwa gunia moja. Kwetu tumepiga kelele juu yake, tumetunga kanuni, mkaguzi wa vipimo anatajwa bungeni. Binti huyu hakuhitaji kufundishwa uchumi wa madini. Alimjua mtu aliyekuwa mbele yake kwa sababu alimjua baba yake.

Wote wakaanza kuuliza. Nani anakikagua kifaa hiki? Kilipimwa lini mara ya mwisho? Mchimbaji anaweza kupata wapi kipimo cha pili? Mnunuzi alijibu mawili, la tatu akasema tumwulize bosi, na bosi hakuwepo. Wachimbaji waliokuwa wamekaa kivulini wakasogea. Kwa dakika chache tulikuwa na mkutano. Mzee mmoja alisema wamekuja waandishi wengi tangu aanze kazi hii, na hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu mizani.

Jioni, uani kwa mapadre, niliwaalika watano kati ya wachimbaji hao waje wasikilize rasimu za wanafunzi. Huu ndio utaratibu niliong'ang'ania tangu Machi, na wanafunzi wenzetu wa Norway waliusifu, wakasema kwao pia wakazi wa kaskazini husomewa habari zao wakati zimekwisha kuchapishwa. Mazoea hayo ni ya zamani. Katika Mwaka wa Kwanza wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 1882 hadi 1883, wanasayansi walijenga vituo kuizunguka Aktiki wakapima sumaku na hali ya hewa. Mwaka uliofuata, Novemba 1884, Berlin, wakubwa waliketi kuigawana Afrika. Zama zilezile, watu wa fikra ileile, walioamini kwamba kupima ndiko kujua.

Kijana aliyempiga picha mtoto alisoma wa kwanza. Aliandika kwa Kiswahili kizuri. Ilikuwa habari ya mtoto mwenye macho ya huzuni, aliyenyimwa shule, akibeba kobalti ya dunia mabegani. Aliposhusha karatasi tulinyamaza, tukadhani kimya kile ni sifa.

Mzee akauliza: "Ule mutoto ni wa nani?"

Hakuuliza ni nani. Aliuliza ni wa nani. Mama yupi, nyumba ipi, nani wa kwenda kuzungumza naye kama hali ni hiyo. Kijana akasema hamjui. Akaulizwa alizungumza naye lini. Akasema hakuzungumza naye, alimwona barabarani, garini. Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Basi kesho tumutafute."

Nilimwangalia mwanafunzi wangu akiikunja karatasi mara mbili, mara nne. Nilimfikiria dubu wa Somerset, na wapigapicha waliompenda dubu yule kwa moyo wote.

Tulimpata saa tatu asubuhi. Haikuwa kazi. Pale foleni ilipokuwa imesimama kuna genge, na mama mwenye genge aliitazama picha kwenye simu akacheka, akaita. Mtoto akatokea nyuma ya nyumba na vumbi lake. Alikuwa darasa la tatu, likizoni. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya serikali hailipiwi, na mama yake alitutajia mwaka huo kabla hatujauliza, kama mtu anayetaja mwaka aliopata mtoto. Dumu lilikuwa la maji. Kiroba kilikuwa na makala, mkaa wa kupikia bukari ambayo mama huwauzia wachimbaji. Hakuwa amebeba jiwe hata moja.

Mwanafunzi alishusha pumzi, na niliona uso wake ukifunguka. Nilitaka kumwonya, lakini mama wa genge aliniwahi. Akasema ukitaka mwenye mawe, ni dada yake.

Dada alikuwa mtoni. Umri wake kumi na sita, na sekondari bado inalipiwa. Masomo yanarudi Septemba. Kwa hiyo Julai na Agosti anaosha mawe, amesimama kwenye maji yanayofika magotini, akitikisa ungo wa wavu mpaka udongo uondoke, na analipwa kwa kiroba kilichojaa mawe safi. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima, na kucha zina mstari wa kijani. Sekondari anasoma umeme. Alituonyesha kwa kidevu nguzo zilezile tulizoziona barabarani, akatueleza kwamba huo ni umeme wa bwawa la Inga, unaoletwa na waya wa kilometa 1,700 kutoka karibu na bahari upande ule, uliowashwa mwaka 1982 kwa ajili ya migodi, na vijiji vingi ulivyopita juu yake havina taa. Alisema hivyo huku mikono ikiendelea kutikisa ungo. Ile ilikuwa habari kamili, na sisi tuliipita kwa basi tukiwa tumeitazama saa nzima.

Mwanafunzi akaomba ruhusa ya kumpiga picha. Nilifurahi kwamba aliomba.

"Foto hapana," alisema. "Andika bei."

Akakaa naye juu ya jiwe, daftari gotini. Akaandika bei ya kiroba kimoja kilichooshwa, akaandika viroba vingapi kwa siku, akazidisha, akagawa kwa ada. Binti wa Uporoto alisimama nyuma yao akihakiki hesabu. Mtoto wa dirishani naye alikuwa amekuja, amebeba dumu lake, akachungulia daftarini.

Msichana aliisoma hesabu yote, taratibu, mdomo ukisogea. Kisha akajifuta mkono kwenye sketi, akaomba kalamu, akaikata namba ya kwanza na kuandika nyingine ndogo zaidi juu yake. Bei ilikuwa imeshuka tangu asubuhi.